Wenye PhD wapo Tengeru, nani viwandani anawahitaji?

UKITOKA Arusha mjini kwa daladala za njia ya Moshi, ukapita Tengeru na Usa River, utafika Maji ya Chai. Jina hilo halikutokana na mashamba ya chai. Limetokana na rangi ya mto unaoteremka kutoka Mlima Meru ukiwa na maji ya kahawia kama chai ya rangi. Lakini kinachowasumbua wakazi wa hapa tangu enzi za mababu si rangi hiyo. Ni floraidi, madini yasiyoonekana kwa macho wala kusikika kwa harufu, ambayo katika mito, chemchemi na visima vingi vya upande huu wa Meru hupatikana kwa kiasi kinachozidi mara kadhaa miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Athari zake huzioni kwenye glasi. Unaziona kwenye meno ya kahawia ya mtoto wa shule na, kwa walioathirika zaidi, kwenye miguu iliyopinda.

Sasa msomaji aangalie majirani wa kata hiyo. Ngurdoto, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kuna kituo cha Wizara ya Maji ambacho kwa miongo kadhaa kimekuwa kikitafiti namna ya kuondoa floraidi, hasa kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ukirudi nyuma hadi Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011 na kufunguliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete Novemba 2012. Taasisi hiyo haichukui wanafunzi wa shahada ya kwanza. Inafundisha uzamili na uzamivu tu, na kaulimbiu yake ni taaluma kwa ajili ya jamii na viwanda.

Swali la makala haya ni la kibiashara zaidi kuliko la kitaaluma. Kwa nini elimu iliyopo umbali wa nauli ya daladala ichukue miaka mingi hivyo kumfikia mama mwenye ndoo? Jibu linalosikika kwenye kila warsha ni kwamba hakuna fedha za utafiti. Fedha ni tatizo, hakuna anayebisha. Lakini utafiti wa floraidi umefanyika, tena mwingi, na tasnifu zake zimejaa kwenye makabati. Kinachokosekana ni kazi, yaani nafasi ya ajira yenye mshahara na mwajiri, katikati ya maabara na bomba, ambayo mwenye shahada ya uzamivu anaweza kuishika bila kuonekana amepotea njia.

Shahada ya uzamivu, ile tuliyoizoea kwa jina la PhD, kwetu ina mlango mmoja mkubwa wa kutokea, nao ni kufundisha. Taratibu za vyuo vikuu zinamtaka mhadhiri kamili awe nayo, na mwenye uzamili hubaki mhadhiri msaidizi hadi atakapoipata. Kenya walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya nchi hiyo iliweka viwango vya kuwataka wahadhiri wote wawe na PhD ifikapo mwaka 2018, agizo lililozua mbio na malalamiko yasiyokwisha. Kwa maneno mengine, chuo ndicho mzalishaji wa madokta na ndicho mnunuzi wao mkuu. Bidhaa inayouzwa kwa aliyeitengeneza haina haja ya kujua soko la nje linataka nini, na ndiyo maana wengi wa madokta wetu hawajui.

Kuna watakaosema kwamba vyuo vyetu vyenyewe vina upungufu wa wenye PhD, kwa hiyo kuwapeleka viwandani ni kuwanyang'anya wanafunzi walimu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi jambo. Ajira katika vyuo vya umma hutegemea kibali cha serikali na bajeti ya mishahara. Chuo kinaweza kuwa na upungufu mkubwa wa walimu wakati dokta aliyehitimu mwaka juzi yupo mtaani akifundisha kwa mkataba wa saa chache. Ni sawa na mwaka wa njaa ambao ghala limefungwa kwa kufuli: mahindi yapo, wenye njaa wapo, na vyote viwili vinakaa pande mbili za ukuta.

Tena tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Afrika peke yake. Mwaka 2010 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliohitimu PhD za sayansi nchini humo, asilimia 53, walitoka nje ya kazi za sayansi mara baada ya kuhitimu. Waliofikia nafasi za kudumu za utafiti vyuoni walikuwa asilimia 3.5, na waliokuja kuwa maprofesa hawakufika hata nusu ya asilimia moja. Tofauti ni kwamba Mwingereza anayetoka chuoni anakuta benki, viwanda vya dawa, kampuni za mafuta na idara za serikali zenye maabara zikimsubiri. Wa kwetu akitoka anakuta barabara ya vumbi.

Mfano unaotajwa sana hapa Arusha ni wa Dk. Askwar Hilonga. Alisomea uzamivu Korea Kusini katika nanoteknolojia, yaani sayansi ya chembe ndogo kupita kiasi, akarudi nyumbani na kuwa mhadhiri hapo Nelson Mandela. Chujio alilobuni linaunganisha kitu cha kale na kipya: mchanga, ambao huchuja uchafu na vijidudu, pamoja na chembe za nano zinazoweza kupangwa kulingana na maradhi ya maji ya eneo husika, iwe floraidi, metali nzito au mabaki ya dawa za mashambani. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa. Ilikuwa na thamani ya Pauni 25,000.

Magazeti yaliandika sana habari za tuzo. Upande wa duka uliandikwa kidogo, na kwa ukurasa huu ndio wenye mafunzo. Bei ya chujio moja iliyotajwa wakati ule ilikuwa kama Dola 130 za Marekani, fedha ambazo kwa familia inayochota maji mtoni ni sawa na kuambiwa ununue ng'ombe. Kupitia kampuni yake ya Gongali Model, Dk. Hilonga akaanzisha utaratibu wa vituo vya maji: asiyeweza kununua chujio ananunua maji yaliyochujwa kwa ndoo, kwa bei nafuu, na mwenye kituo anapata riziki. Mteja alikuwa hataki mtambo, alitaka maji. Uamuzi wa namna hiyo haufundishwi kwenye sura yoyote ya tasnifu, lakini bila huo chujio lingebaki kwenye meza ya maonyesho ya Sabasaba likipigwa picha.

Hata hivyo, tuiangalie vizuri njia aliyopita. Alianzisha kampuni yake mwenyewe, na sehemu ya nguvu yake ilitoka kwenye zawadi ya ng'ambo. Tuzo ni jambo jema, lakini nchi haiwezi kupanga ajira za wasomi wake kwa kutegemea majaji. Wala si kila dokta ameumbiwa ujasiriamali. Mtu aliyekaa miaka minne akipima sampuli kwa subira si lazima awe na moyo wa kuweka hati ya nyumba rehani. Tunaposimama kwenye makongamano na kuwaambia wasomi wajiajiri, tunamtaka mkemia awe pia mhasibu, dereva na mkusanya madeni. Wapo wanaoweza. Walio wengi wangefanya kazi nzuri zaidi wakiwa chini ya mwenye kampuni anayejua kuuza.

Nakuru nchini Kenya, kwenye Bonde la Ufa lenye tatizo lile lile la floraidi, njia ilikuwa nyingine. Jimbo Katoliki la huko lilianza kazi ya maji mwishoni mwa miaka ya 1990, likichoma mifupa na kutengeneza machujio, na baadaye shughuli hiyo ikawekwa kwenye kampuni inayouza mkaa huo na vifaa vyake. Pale mtaalamu alipata mahali pa kukaa kwa sababu kulikuwa na anayechoma, anayeuza na anayefunga chujio nyumbani kwa mteja. Hakulazimika kuwa wote hao.

Uganda nao wana mfano wao. Dk. Florence Muranga, mtaalamu wa chakula wa Chuo Kikuu cha Makerere, alitoka na utafiti wake wa ndizi hadi Bushenyi, ambako serikali ya nchi hiyo tangu mwaka 2005 iligharamia mradi wa kutengeneza unga wa matoke unaouzwa kwa jina la Tooke. Ni jambo la kujivunia kwamba maarifa ya maabara yalipewa kiwanda. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kiwanda kinachoishi kwa bajeti ya serikali hupumua kwa mdomo wa Bunge, na mtaalamu wake hutumia muda mwingi kutetea mafungu kuliko kuuza unga.

Sasa turudi Arusha, upande wa Kisongo. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset, ambavyo dawa ya mbu imo ndani ya nyuzi zenyewe, kwa teknolojia iliyotolewa na kampuni ya kemikali ya Sumitomo ya Japani bila kudai mrabaha. Kiliajiri maelfu ya watu, na Rais George W. Bush wa Marekani alikitembelea Februari 2008. Huenda hakuna bidhaa ya Arusha iliyobeba sayansi nyingi kuliko chandarua hicho, na sayansi yote ilikuja kwa ndege. Lakini tazama kilichofuata. Uzalishaji ulipokuwa mkubwa, Sumitomo ilifungua hapa hapa Arusha kituo cha utafiti cha kupima bidhaa za kuua mbu. Maabara ilikuja baada ya oda. Sisi tumezoea kufanya kinyume, tukijenga maabara kwanza kisha kungoja oda zije zenyewe.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa kwetu wajenzi wapo, asiyeonekana ni mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba, yaani mwenye kiwanda au shamba, hoja zake ziko wazi na si za kijinga. Anaogopa mshahara. Anaogopa kuajiri mtu aliyemzidi elimu meneja wake, kisha ofisi igawanyike. Anaogopa kwamba dokta atakaa miezi sita, aitwe chuoni na kuondoka na siri za kiwanda. Kubwa zaidi, hajui amtumie kwa kazi gani. Biashara nyingi za Arusha ni za kifamilia: kinu cha chakula cha kuku, shamba la mboga za kuuza nje, kiwanda cha maji ya chupa. Tatizo likitokea, humwita fundi wa mashine au huagiza dawa kutoka Nairobi. Kwamba tatizo lenyewe linaweza kuchunguzwa hadi mzizi wake na likaisha moja kwa moja, hilo si jambo alilowahi kuliona likifanyika.

Hapo ndipo wenzetu walipoona pa kuingilia. Ufaransa tangu mwaka 1981 ina mpango uitwao Cifre. Kampuni inamwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka mitatu, mada ya utafiti inatoka kwenye tatizo la kampuni, chuo kinasimamia, na serikali inailipa kampuni ruzuku kila mwaka. Denmark walianza kitu kinachofanana na hicho tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Uingereza tangu mwaka 1975 ina utaratibu wa kumweka mhitimu ndani ya kampuni kwa kazi moja maalumu, chini ya uangalizi wa mhadhiri, gharama zikigawanywa kati ya kampuni na serikali. Nchi zote hizo zilielewa kwamba woga wa mwenye kiwanda hautibiwi kwa hotuba. Unatibiwa kwa kumpunguzia gharama ya kujaribu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kinu cha chakula cha mifugo kinauza tani 200 kwa mwezi, na kinamwajiri dokta wa lishe ya mifugo kwa Sh3 milioni kwa mwezi. Ni Sh36 milioni kwa mwaka. Mfuko wa umma ukilipa nusu, kinu kinabaki na Sh18 milioni. Dokta huyo akipanga upya mchanganyiko wa mashudu, dagaa na pumba kiasi cha kupunguza gharama kwa Sh20 tu kwa kila kilo, kinu kinaokoa Sh4 milioni kwa mwezi, yaani Sh48 milioni kwa mwaka. Mwaka wa pili mwenye kinu hatahitaji tena kubembelezwa. Na bado hatujahesabu kwamba mtu huyo huyo anaweza kupima sumukuvu kwenye mahindi yanayoingia. Sumukuvu si jambo la kitabuni: mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Fedha za mfuko huo zitoke wapi? Mwajiri mwenye wafanyakazi wa kutosha tayari hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kwa kila mshahara anaolipa, na theluthi moja ya tozo hiyo huenda VETA kwa ajili ya mafundi. Waajiri wamelalamikia tozo hiyo kwa miaka mingi, na mara kwa mara serikali imekuwa ikiipunguza. Badala ya kuendelea kuikata kidogo kidogo kwa wote, kwa nini mwajiri anayempokea dokta wake wa kwanza asiruhusiwe kukata sehemu ya mshahara huo kutoka kwenye tozo anayodaiwa? Haihitaji ofisi mpya, wala magari, wala semina za uelewa. TRA wanamjua kila mlipaji, na chuo kinamjua kila mhitimu.

Fedha za vyuo nazo zipo. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliogharamiwa na Benki ya Dunia kwa Dola milioni 425 kuanzia mwaka 2021, uliweka pia kamati za kuviunganisha vyuo na viwanda. Ni hatua njema. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye majengo, maabara na kuwasomesha wahadhiri, yaani kuongeza madokta wa kufundisha. Kamati ya watu wa viwanda inayokutana kunywa chai na kupitia mitaala ni nzuri, ila haiajiri mtu.

Wanaodhani kwamba mambo haya yanawezekana Ulaya tu waende Lyamungu, Wilaya ya Hai. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliundwa mwaka 2001 baada ya wadau wa zao hilo kuamua kwamba utafiti usitegemee serikali peke yake. Ikawa kampuni isiyo ya faida inayomilikiwa na wadau wenyewe, ikipata fedha kutokana na makato ya kahawa, pamoja na michango ya serikali na Jumuiya ya Ulaya. Mwaka 2005 ilitoa aina chotara za Arabika zinazohimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima wa Meru anayejua bei ya kupuliza dawa msimu mzima anaelewa maana yake. Kwa mtazamo wa mwandishi, hilo ndilo jibu la Kitanzania kwa Cifre: mkulima mmoja hawezi kumwajiri dokta, lakini wakulima laki kadhaa wakichangia senti kwenye kila kilo, dokta anawafanyia kazi wao. Cha kujiuliza ni kwa nini wakulima wa nyanya, vitunguu na parachichi hawana taasisi yao ya namna hiyo.

Nyanya hasa. Nondo wa nyanya anayeitwa kantangaze aligundulika nchini mwaka 2014, na mahali pa kwanza kuripotiwa ni kijiji cha Ngabobo, Arumeru, upande wa pili wa mlima huu huu. Katika miaka michache alikuwa amesambaa nchi nzima na wakulima wakichanganya dawa tatu kwenye bomba moja bila mafanikio. Watafiti wa Nelson Mandela wakafanya kazi ya kuifundisha kompyuta itambue dalili za mdudu huyo kwenye picha ya jani mapema, kabla mkulima hajaziona. Kazi nzuri. Lakini kati ya picha hiyo na mkulima wa Ngarenanyuki kuna mtu mmoja muhimu, mwenye duka la pembejeo, na yeye hakai kwenye jopo la kutathmini tasnifu.

Aliyejaribu kuvuka daraja la namna hiyo ni Dk. Dina Machuve. Alipata uzamivu wake hapo hapo Nelson Mandela, akawa mhadhiri, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya DevData Analytics. Utafiti wake na wenzake uliochapishwa mwaka 2022 ulitumia picha za vinyesi vya kuku zilizokusanywa kwa wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro, ili simu iweze kutofautisha kuhara damu, salmonela na kideri. Mfugaji yeyote anajua tofauti hiyo ina thamani gani. Kideri kikishaingia bandani huna tiba, una kuzika, ilhali kuhara damu ukiwahi dawa unaokoa kundi.

Dokta anayetaka kufuata njia hiyo, iwe kwa kuajiriwa au kwa kampuni yake, ana mazoea ya kuacha, na ni haki kuyasema. La kwanza ni muda. Chuoni miezi sita ni kipindi kifupi. Kiwandani miezi sita ni misimu kadhaa ya mchicha na mkopo wa benki uliokomaa. Mwenye shamba akiuliza kama dawa inafanya kazi, hawezi kujibiwa kwamba matokeo yanaonyesha haja ya utafiti zaidi. Anataka kujua anyunyize leo au asinyunyize, na mtaalamu anatakiwa kutoa jibu akijua asilimia zake za kukosea.

Jingine ni karatasi. Wasifu wa kurasa kumi na mbili wenye orodha ya machapisho humchosha mwajiri kabla ya ukurasa wa pili. Ukurasa mmoja unaosema nimepunguza gharama hii, nimeendesha mashine hii, nimesimamia vijana kadhaa na bajeti ya kiasi fulani, utasomwa. Madokta wengi wamefanya yote hayo wakiwa wanafunzi, ila hawajawahi kuambiwa kwamba huo ni uzoefu wa kazi. Mtu aliyeifanya jenereta ya maabara iwake wakati umeme umekatika, akapata vibali vya wizara tatu na kuwashawishi wazee wa kijiji wampe sampuli, amekwisha kuwa meneja miradi bila cheo.

Halafu kuna sheria na taratibu, ambazo huwapata wengi ghafla. Bidhaa ya chakula au chujio la maji linahitaji kupita TBS. Kiuatilifu lazima kisajiliwe na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu pale Ngaramtoni. Hataza huombwa BRELA, na hapa wengi huanguka: mtafiti anayekimbilia kuchapisha ugunduzi wake kwenye jarida kabla ya kuwasilisha maombi anaweza kupoteza haki ya kuumiliki, kwa kuwa tayari amekwisha kuutangazia ulimwengu. Lakini asipochapisha, chuoni hapandi cheo. Upandishaji vyeo vyuoni huangalia zaidi machapisho, na mhadhiri anayekwenda kampuni kwa miaka miwili hurudi akikuta wenzake wamemwacha nyuma. Chuo kingeweza kuhesabu miaka hiyo, na bidhaa iliyoingia sokoni, kwa uzito ule ule wa makala za jarida. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji kikao cha seneti.

Upande wa mwajiri, mkataba useme mapema nani anamiliki nini, na kuchapisha kusubiri kwa muda gani. Kutokuandikiana ndiko kunakovunja ndoa nyingi za aina hii, kuliko hata mshahara.

Kwa wakazi wa Maji ya Chai na vijiji vya jirani mambo yanabadilika wakati huu huu. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa Sh520 bilioni kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umechimba visima maeneo yenye floraidi kidogo na kulaza mabomba mapya. Bomba linapofika mtaani, kituo cha kuuza maji yaliyochujwa kinapoteza wateja wa mtaa huo. Kwa kampuni ya machujio hiyo ni habari ya kibiashara inayohitaji mtu wa kwenda Ngarenanyuki na King'ori, kupima maji kisima kwa kisima, kujua mabomba yatafika wapi na hayatafika wapi, na kurudi ofisini mwisho wa mwezi na jibu kama vituo vihamishwe, vifungwe, au viuziwe shule. Kazi hiyo inahitaji mkemia anayejua hesabu za mtaji. Vijana wa kuifanya wanahitimu kila mwaka pale Tengeru wakiwa wamevaa majoho, na kampuni nyingi za Arusha hazijawahi kufika kwenye mahafali hayo hata kwa kutuma meneja mmoja mwenye kadi za biashara mfukoni.